Kanji Mara Mbili

Ninyi mliokuja juzi mnaniona nimekaa pembeni na sufuria yangu ya kanji, mnadhani nilizaliwa nayo. Mmoja wenu, simtaji jina, aliniuliza wiki iliyopita kama na mimi zamani nilijua kushona kofia. Nilicheka mpaka miwani ikanianguka. Mwanangu, mimi nimeshona kofia kabla mama yako hajajua kufunga ushungi. Kama leo sishiki sindano, iko sababu, na sababu yenyewe inaanzia kwa mtu aliyekuwa akikaa hapa hapa nilipokaa. Jina lake Bi Mize. Kila siku mnasikia humu ndani kofia ikiambiwa "irudi", mnanuna, mnakwenda kufumua. Nataka mjue jambo hilo lilivyoingia nyumba hii, na jinsi Bi Mize alivyokuwa karibu kupoteza mahali pake.

Lakini kwanza kazi, nisije nikachukuliwa na maneno nikasahau. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa ndipo uguse bafta, kitambaa chetu cha kofia. Ukishakula sambusa, nawa tena, usinifutie vidole kwenye kanga ukadhani yamekwisha. Udi usifukizwe chumba chenye kofia nyeupe. Moshi wake mzuri kwa nguo za kuendea harusini, lakini bafta hugeuka rangi ya chai, na hapo hata uiroweke wiki nzima haitakati. Uzi usizidi urefu wa kidoleni hadi kiwikoni. Najua mnakata mrefu ili msitunge sindano kila saa, nami nilikuwa hivyo hivyo. Uzi mrefu hujisokota, ukijisokota unauvuta kwa hasira, na hasira yako inabaki kwenye kofia. Kaeni dirishani mchana. Hizi taa nyeupe za siku hizi zinadanganya, kiua kinaonekana kimekaza kumbe kimeachia.

Na kwa wale ambao hawajui hata jina la wanachoshona, maana wapo: kofia ya viua ni vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kitambaa kinachorwa kwa penseli, kila alama inatobolewa kwa sindano nene, na tundu lile linazungushiwa uzi mpaka likaze. Hicho ndicho kiua. Kofia moja ina viua vingi mno, na anayeanza kuvihesabu huacha kazi, kwa hiyo msivihesabu. Kofia nzuri huchukua miezi. Anayekwambia ameimaliza kwa wiki mbili, mtazame vizuri usoni.

Mimi nilikuwa mtu wa wiki mbili. Si mbili hasa, lakini niliwapita wenzangu wote. Waliniita Zuwena Cherehani, na jina lile nililivaa kwa raha kama bangili. Nikiingia chumbani nikaona mwenzangu bado yuko kwenye ukanda, namuuliza habari za kofia yake kana kwamba nauliza hali ya mgonjwa. Nilikuwa naudhi, sasa naliona hilo.

Aliyenifundisha ni Bi Mize. Alikuwa jirani yetu hapa Bani Malik, yeye ghorofa ya chini, sisi ya pili. Alitoka Unguja na mumewe baada ya mapinduzi, wakafika Jeddah wakijua wanakaa kidogo tu, mambo yakitulia warudi. Mama yangu naye alikuja na fikra hiyo hiyo, mimi nikiwa mgongoni. Kukaa kidogo kwenyewe ndiko huku. Bi Mize hakujaliwa watoto, kwa hiyo watoto wa jengo zima tulikuwa wake. Hakuwa mkali. Ukimpelekea kofia mbovu anaipokea, anakuuliza kama mama hajambo, na huku anaongea mkasi wake unapita kwenye uzi. Unapokwisha kumjibu kuwa mama hajambo, kazi yako ya siku tatu iko mapajani mwake, imefumuliwa.

Macho yake yakaja kuharibika. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Akaacha sindano, akashika kanji. Kila kofia ya kundi letu ilimalizikia kwake: anapika unga wa muhogo mpaka unakuwa uji mwembamba, anatumbukiza kofia, anaikamua, anaivisha kwenye kalibu, ule mti wa umbo la kichwa, kisha anaipiga pasi. Jeddah hapa hewa ina maji, mnajua wenyewe, ukitoka nje asubuhi nguo inakunata. Kanji ikiwa nyepesi kofia inalegea kabla haijafika mlangoni. Yake ilikuwa nzito. Kofia iliyotoka mkononi mwake ilikaa wima, unaweza kuigonga kwa kidole ikaitika. Kwa kazi hiyo alichangia matumizi ya nyumba ya mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akikaa naye tangu afiwe na mumewe, na kwa kazi hiyo alikuwa na pa kwenda kila asubuhi. Alipanda ngazi zetu akishika ukuta, hataki kushikwa na mtu.

Zamani tulikuwa tukiuza Sharafiya, kwa mwenye duka mmoja kati ya maduka ya simu na ofisi za kutuma pesa nyumbani. Anaigeuza kofia huku na huku, anasikitika kama mtu aliyeletewa samaki wa jana, kisha anataja bei. Ukibisha, anakurudishia kofia yako kwa adabu kubwa na kukuuliza habari za watoto. Kofia ilikwenda kwa nani, iliuzwa vipi, huambiwi. Tulizoea hivyo. Tulidhani biashara ndiyo ilivyo.

Kisha akaja Nura. Mlio wageni mnamjua kama sauti ya kwenye simu tu, lakini mimi nilimpokea mlangoni siku ya kwanza. Msichana wa Kisaudi wa Riyadh, ana duka lake la kazi za mikono. Aliiona kofia yetu kwa rafiki wa baba yake, akaiulizia mpaka akafika Bani Malik. Alikaa chini nasi, akanywa chai ya tangawizi, akaeleza anachokiita biashara ya haki. Bei inakubaliwa kabla sindano haijaingia kwenye kitambaa. Sehemu ya malipo inakuja mbele, watu wasikope wakati kofia bado iko mkononi. Na kila kofia ina karatasi ndogo yenye majina ya walioifanya, ili mnunuzi ajue, na kila jina lina fungu lake. Hapo akatia sharti moja: jina la asiyefanya kazi haliandikwi. Alisema ameona kwingine majina ya shangazi na wake wa wajomba yamejaa kwenye orodha, na wanaoshona wanabaki na makombo. Tulilisifu sana sharti lile. Hatukujua litatugeukia.

Kofia za kwanza nilizipeleka Riyadh mwenyewe kwa basi, zimepangwa kwenye makopo ya biskuti zisibonyee. Nilifikia Al-Naseem kwa mpwa wangu. Bi Mize alikuwa amezitia kanji kwa moyo wake wote, maana ilikuwa kazi ya kwenda mbali. Wala hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwa hewa ya Riyadh ni kavu. Nilipofungua makopo asubuhi yake zilikuwa zimekauka kama mabakuli ya mbao.

Nura alimwita baba yake ajaribu. Mzee mpole, mnene kidogo. Akaivaa kofia, ikamkaa vizuri. Kisha akachukua shemaghi, kile kitambaa chao chekundu na cheupe, akakitandaza juu yake kama wanavyovaa siku zote. Sasa kofia ya Kisaudi ya ndani ni laini, inalala kichwani, huioni. Ya kwetu haikulala. Ilisimama chini ya kitambaa, pembe zote za shemaghi zikanyanyuka, na mzee wa watu akawa kama amefunikwa na meza. Alijitazama kwenye kioo kwa utulivu, akamuuliza binti yake kama wanawake wale wa Jeddah wana ugomvi naye. Tulicheka, Nura akalia kwa kucheka. Halafu akafuta macho, akaniambia maneno yaliyoniharibia safari.

"Khala Zuwena, kazi kama hii sijaiona. Lakini wanaume wetu wanaivaa chini ya shemaghi, lazima iwe laini. Kanji, halas."

Nikasema hewala, tutaacha. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikamkumbuka Bi Mize.

Nilikaa Al-Naseem siku chache, sina haraka ya kurudi na habari ile. Hapo ndipo nilipompata Achieng. Alikuwa mfanyakazi wa ndani nyumba ya pili kutoka kwa mpwa wangu, Mkenya wa Kisumu, na Ijumaa mchana madam wake alimruhusu kuvuka aje kukaa nasi, maana huko kwake hakuwa na wa kuongea naye Kiswahili. Alinikuta barazani nashona. Akakaa chini, akatazama muda mrefu.

"Mum, si unifundishe?" akasema. "Niko na Friday yangu yote hapa na sina pa kwenda."

Nikampa kitambaa kibovu na sindano. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa dawa za kuoshea vyoo na masufuria, uzi ulikuwa unamkwama kwenye ngozi. Kiua cha kwanza kilimchukua mpaka magharibi. Alikishika kwenye mwanga, akakitazama, akasema hii hole moja imemmaliza kuliko kufua mapazia ya madam. Nilimwachia sindano na kitambaa. Sikutazamia kitu.

Nikarudi Jeddah. Wenzangu waliposikia sharti la kofia laini waligeuka wote kumtazama Bi Mize, na yeye ingawa haoni vizuri alijua anatazamwa. Aliendelea kukoroga kanji. Harusi za Kizanzibari zinazotaka kofia ngumu zilikuwa chache wakati ule, hazimtoshi mtu kuitwa ana kazi. Basi mimi, kwa mdomo wangu mwepesi, nikasema hilo dogo: jina la Bi Mize tutaliandika kama kawaida, tutasema anashona duara, Nura yuko Riyadh ataonea wapi. Wote wakaitikia. Tulikuwa tunampenda, ndiyo kweli, na kwa kupenda kwetu hatukumuuliza.

Bi Mize akazima jiko. Akaifuta mikono yake kidole kimoja kimoja.

"Zuwena," akasema, "mie sijapata kula jasho la mtu. Siku nikifika huko nitakwambieni mwenyewe."

Akachukua sufuria yake, akashuka ngazi akishika ukuta. Kesho yake hakupanda. Wala kesho kutwa. Kalibu ikabaki hapa pembeni haina kofia, na kila nilipoinua macho ilikuwa inanitazama. Roho iliniuma sana. Nilipomwendea alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akaniuliza habari za kila mtu, ila kazi hakuigusa, na mimi nikashindwa kuigusa. Mke wa mtoto wa kaka yake alinivuta jikoni akaninong'oneza kuwa bibi siku hizi anachelewa kuamka, anasema ataamka afanye nini.

Kofia laini zikaenda Riyadh. Zikapendwa. Nura alitutumia ujumbe wa sauti, furaha tupu, na sisi tukapika biriani kujipongeza. Haikupita miezi akatuma ujumbe mwingine, na wa safari hii haukuwa na furaha. Kofia zinarudi. Mtu anainunua, anaifua mara moja, viua vinafunguka na uzi unaning'inia. Hazikurudi zote, lakini zilikuwa nyingi vya kutosha kumwaibisha mtu aliyewaambia wateja wake kwamba hii ni kazi ya kurithishana. Alisema kwa upole kabisa kwamba kofia zijazo zikiwa hivi, hataweza kuendelea nasi. Nafikiri angetukana tungepata nafuu.

Basi humu ndani tukaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza alilaumu uzi. Wa pili alilaumu mashine za kufulia. Mwingine akasema maji ya Riyadh yana chumvi. Mimi nilisema waziwazi kuwa wapo kati yetu wanaoshona huku wanatazama simu, na nikawatazama wawili watatu kwa jicho. Kofia zilizorudi hazikuwa na karatasi, wateja walikwisha kuzitoa, kwa hiyo hatukuweza kujua ya nani ni ipi. Nikazifunga kwenye kanga nikashuka nazo kwa Bi Mize. Niliwaambia wenzangu nakwenda kumuuliza habari za uzi. Kweli yenyewe nilikuwa nimemkumbuka.

Nilimkuta amekaa chini na sinia la mchele, anachambua. Macho yake yalikuwa ukutani, vidole vinatembea kwenye mchele peke yao, vinatoa kijiwe, vinatoa chuya. Nikamweleza yaliyotufika. Akasukuma sinia kando, akanawa, akakausha mikono, akasema nimpe.

Akaishika ya kwanza. Aliigeuza ndani nje, akapitisha ncha za vidole upande wa nyuma wa viua, polepole, kama mtu anayetafuta kitu kwenye nywele za mtoto. Akaiweka kulia. Akashika nyingine, akaiweka kulia. Ya tatu kushoto. Aliendelea hivyo mpaka zote zikawa mafungu mawili, fungu la kushoto dogo na la kulia kubwa. Kisha akagusa la kushoto.

"Hizi za Asha. Anashona vizuri, ila mwisho wa uzi hafungi. Mwambie."

"Na hizo nyingine?" nikamuuliza. "Za nani?"

"Zako."

Nilidhani ananitania. Nikachukua moja nikaipeleka dirishani, nikaitazama. Kweli, ule mpango wa vinyota kwenye ukanda nilikuwa nikiupenda mimi peke yangu. Nilizipitia nyingine, na nyingine.

"Umejuaje, Bi Mize?"

"Zuwena, mwanangu. Miaka yote hii za wenzio nilikuwa natia kanji mara moja. Zako natia mara mbili."

Nilikaa chini pale pale kwenye mkeka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, tena kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananieleza habari za mchele, kuwa mwanzo alitaka kuniambia, lakini nilikuwa nimeanza kuitwa Cherehani na nilikuwa na furaha, na kofia ikishakauka haikuachia, mvaaji aliipeleka kwa anayejua kufua na kutia kanji, basi haikumdhuru mtu. "Sasa kanji hakuna," akasema. "Kila mtu atabaki na mkono wake."

Nilicheka. Nililia kidogo pia, na sijui kipi kilitangulia. Kisha nikatazama vile vidole vyake, na yale mafungu mawili, na ndipo nikaona kitu ambacho mjinga yeyote angekiona toka siku ya kwanza. Sisi tulikuwa na macho kumi na kitu chumbani, hakuna lililoona kiua kilicholegea mpaka mashine ya kufulia ituonyeshe. Nikamwambia avae baibui twende juu. Akaniuliza kufanya nini. Nikamwambia kuna kazi na hakuna mwingine wa kuifanya, na safari hii si maneno ya kumfurahisha. Alinigeuzia sikio, nadhani alikuwa ananipima kama nasema kweli. Kisha akaniomba nimletee viatu.

Tangu siku ile hakuna kofia iliyotoka hapa bila kupita vidoleni mwake. Aliweka masharti yake: asiambiwe ya nani, na mwenyewe asikohoe wala asijitie kusalimia, ingawa sote tulijua anajua. Ikiwa nzuri anaiweka kulia. Ikiwa mbaya anaisogeza mbele na kusema "irudi", basi, hakuna zaidi. Ya kwanza kurudi ilikuwa yangu. Ya pili pia. Nilifumua mpaka vidole vikavimba, nikajifunza kushona upya nikiwa mtu mzima na wajukuu, na jina la Cherehani likafa kifo chake bila matanga.

Nura alipokuja Jeddah nilimweleza mambo yote, hata lile la kutaka kumdanganya kuhusu duara, kwa sababu Bi Mize aliniambia asiposikia kwangu atamwambia yeye. Nura akakaa pembeni mwa Bi Mize asubuhi nzima. Mwishoni akafungua simu yake kuandika jina, akauliza aiite kazi gani. Bi Mize akamwambia aandike tu kuwa anafanya kazi, jina la kazi watalitafuta wenyewe. Kofia zilizofuata hazikurudi. Fungu la Bi Mize likawa lake kwa haki, na asubuhi tukaanza tena kuusikia mkono wake ukipapasa ukuta wa ngazi.

Yule Achieng niliyemwacha na kitambaa kibovu hakukiacha. Mkataba wake wa Al-Naseem ulipokwisha alikuwa na kofia nzima mkononi, akampelekea Nura mwenyewe. Nura akakubali kuwa kafili wake, yaani mdhamini wake, ikama, kile kibali cha kukaa, ikahamishwa, halas, akaletwa kwetu. Bi Mize alimpenda siku ya kwanza. Alimpa mafuta ya nazi apake vidole kila usiku mpaka ngozi ilainike, na hayo ndiyo mafuta pekee ya kujipaka niliyowahi kuona yakiruhusiwa nyumba hii. Akamfumba macho kwa leso, akampa kofia nzuri na mbaya, akamfundisha kusikia kwa vidole. Mwezi wa Ramadhani, Achieng alikuwa akijificha jikoni kunywa maji, na Bi Mize akimsikia humwambia anywe vizuri, asijinyonge kwa ajili yetu. Siku ya kwanza alipomwambia Bi Mize mwenyewe kuwa amekosea, kuwa kofia ile aliyoiweka kulia ina kiua kimoja kilicholegea karibu na mshono, sote tuliacha kushona. Bi Mize aliishika tena, akapapasa. Akatabasamu, akaisogeza mbele.

Alifariki hapa hapa, tukamzika Jeddah, mji aliokuja kukaa kidogo. Mpaka leo nikisikia mtu anapanda ngazi polepole moyo wangu unaruka. Achieng akashika mahali pake, na wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Harusi zikaongezeka, Nura naye akaanza kuuza kofia ngumu kwa mabwana harusi, sufuria ikarudi jikoni, kila mmoja akawa anapika kanji kwa zamu na kuiunguza kwa zamu.

Sasa nije kwenu na swali lenu. Kuna alasiri moja nilimaliza kofia niliyoipenda. Niliishona taratibu, uzi mfupi, dirishani, kila kitu ninachowahubiria. Nikampa Achieng. Akafumba macho, akaizungusha. Akaizungusha tena. Akarudi alikoanzia, vidole vikasimama. Akaiweka mapajani, wala hakuiweka kulia wala hakuisogeza mbele.

"Mum," akasema kwa sauti ndogo, "hii si tuitie tu kanji? Iende ya harusi. Tuitie mara mbili, itashika."

Alikuwa anasema kwa mapenzi matupu, na hakujua amesema nini. Habari ya kanji mara mbili hakuwahi kuambiwa na mtu, Bi Mize alinitunzia. Nikaichukua kofia nikaipeleka dirishani. Niliona weupe. Viua sikuviona, hata kimoja, nilikuwa nikivishona kwa mazoea na kwa kubahatisha, sijui tangu lini. Nikarudi nikakaa mbele yake.

"Bi Mize alikufundisha useme nini?"

Machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema, "Mum, tafadhali."

"Sema. Wenzio wanasikiliza."

Akaisogeza kofia mbele, mpaka ikagusa goti langu.

"Irudi, mama."

Nikachomoa sindano kwenye kifua cha kanzu yangu, ilipokuwa ikikaa toka ujana wangu, nikamwekea kiganjani. Kisha nikauliza sufuria ya Bi Mize iko wapi.